Usisukume Bado

Jumatatu, 12 Machi 1973

Daftari hili lililetwa zahanati liandikwe joto la wagonjwa. Yaliletwa matatu na hata moja halijafika katikati, kwa hiyo hili nimejigawia. Naandika Kiswahili nilichozoea shule ya ukunga kwa sababu nikiandika lugha ya kwetu, dada zangu wakija likizo watalisoma hadi jalada.

Kwa atakayelifukua siku moja: mimi ni Drusilla Nyanchera, mkunga mwenye cheti, na nina miezi mitano katika zahanati hii ya vyumba vitatu chini ya Ekerenyo. Nina kitanda kimoja cha kuzalia, kabati la dawa ambalo ufunguo wake unaning'inia shingoni mwangu, na dresa mmoja, mzee Obadiah, anayefunga vidonda, kufagia, na kuwaombea wagonjwa hata wasiotaka. Katika miezi hiyo mitano waliojifungulia hapa ni wanne. Wengine wote wa kigongo hiki cha kilima huzalia jikoni kwa mong'ina Mokeira, yule mama mzee ambaye jina lake nimelisikia mpaka limenichosha. Ati mikono yake imepokea watu ambao leo wana ndevu.

Saa nane mchana mvua ndefu imeanza. Paa linavuja juu ya meza yangu tu, kwingine kote ni kukavu.

Alhamisi, 15 Machi

Kliniki ya wajawazito. Walikuja saba. Wa mwisho alikuwa Bonareri, mke wa Abner, na nyuma yake akaingia mama mkwe wake bila kuitwa. Mama mkwe huyo ndiye Mokeira mwenyewe. Nilitarajia jitu. Nikaona mama mfupi mwenye kitambaa cheupe cha kanisani kichwani, macho yake yakikagua kabati langu rafu kwa rafu.

Mimba ina miezi saba. Nikamuuliza Bonareri kama ni ya kwanza, akaangalia sakafu. Mokeira akajibu kwa niaba yake kwamba ni ya pili, na kwamba ya kwanza mtoto alikufa kwa sababu mama yake alikuwa mwoga kusukuma. Akaongeza, kama mtu anayesema kumenyesha, kwamba hii nayo ikienda vile vile Bonareri atarudi kwao Keroka. Na Bonareri amekaa pale pale anasikiliza.

Nikaweka pembe yangu ya kusikilizia tumboni. Mapigo mia moja arobaini na mawili. Nikamgongea Bonareri mdundo ule mezani kwa kidole, ajue mwanawe anavyokimbia, akatabasamu kidogo. Mokeira akasema hata moyo wa yule wa kwanza ulipiga.

Jumapili, 18 Machi

Nimefua. Hakuna kinachokauka.

Jumanne, 27 Machi

Bonareri amekuja peke yake, kisingizio kuniomba chumvi. Nilimpa kiti na chai, akaishika tu mpaka ikapoa, halafu akanieleza yote bila kusimama.

Miaka miwili iliyopita uchungu ulimshika asubuhi akichuma majani chai. Alipofika jikoni kwa mama mkwe, wamama walishakaa, na tangu uchungu wa kwanza kabisa wakamwambia sukuma. Ndivyo tulivyo huku kwetu, na mimi sijifanyi mgeni. Asiyesukuma ni mwoga, mwoga anamuua mtoto, basi anapigwa makofi ya mapaja mpaka ujasiri umrudie. Alisukuma kutwa nzima. Siku ya pili wakaanza jambo lingine. Mtoto akikataa kutoka, husemwa mama amelala na mwanamume wa nje, na hatafunguka mpaka amtaje. Bonareri akasema hakuna. Wakasema yupo. Jua lilipofika utosini akamtaja Josiah, dereva wa lori la majani chai, kwa sababu lori lilikuwa likipita barabarani saa ile ile. Mtu ambaye hajawahi hata kumsalimu.

"Sista, nilidhani nikitaja jina wataniacha nipumzike," aliniambia.

Mtoto alitoka jioni, mvulana, amekwisha kufa. Mama akabaki bila mtoto na bila jina zuri. Kisimani wenzake humpisha kama mwenye upele. Josiah akaomba njia nyingine. Na mume wake Abner, ambaye nimemwona sokoni akitembea kama anayeiomba ardhi radhi, hakusema neno, si la kumtetea wala la kumfukuza. Mwanamume wa aina gani huyo.

Damu imenichemka tangu saa nne. Mwanamke yule hakuwa mwoga. Alisukuma kwenye mlango uliofungwa, siku nzima, kwa sababu waliomzunguka hawakujua kwamba kuna mlango.

Alhamisi, 5 Aprili

Leo nimefundisha. Nilimvua mzee Obadiah sweta lake, lile la shingo ya kubana, nikalitia papai ndani. Papai lilikuwa kichwa cha mtoto, sweta mji wa mimba, na shingo ya sweta ndio mlango wenyewe. Walikuwa wamama kumi na mmoja, wakacheka mpaka Obadiah akatoka nje na shati lake.

Nikawaambia: uchungu wa kwanza hauna kazi ya kumtoa mtoto. Kazi yake ni kuufungua mlango. Unaulainisha, unaufanya mwembamba, halafu unauvuta juu polepole, kidole kimoja, viwili, mpaka vitano, na hapo mlango haupo tena. Hatua hiyo inaweza kula siku nzima, na mama hatakiwi kusukuma, anatakiwa kutembea, kunywa uji, kukojoa, kupumua. Hatua ya pili ndiyo ya kusukuma. Ya tatu ni kondo la nyuma kutoka, na damu nyingi inayoua hutoka hapo. Kisha nikalisukuma papai kwa nguvu kabla shingo ya sweta haijavutwa. Shingo ikajikunja mbele ya papai, ikawa donge. Nikawaambia nyama hufanya vile vile, huvimba, na mlango uliokuwa unafunguka hujifunga.

Mokeira alisimama mlangoni muda wote, mikono kifuani. Mwishoni akauliza, "Na mtoto akiwa ameangalia juu, sweta lako linasemaje?"

Nikamjibu kwamba hayo yamo kitabuni, na wanaojua kusoma wanaweza kusoma. Wote walijua kwamba yeye hajui kusoma. Akaondoka na mwavuli wake.

Najua nilivyosema. Sijutii.

Ijumaa, 6 Aprili

Najutia kidogo.

Jumatano, 18 Aprili

Amejifungua mama mmoja hapa, msichana, kilo tatu na robo. Sasa ni watano. Mvua siku ya tisa mfululizo.

Jumapili, 22 Aprili

Pasaka. Wakatoliki wameimba tangu alfajiri. Obadiah, Msabato wa damu, amefagia ua kwa kelele kuwaonyesha kwamba leo ni siku ya kazi.

Jumatatu, 30 Aprili

Daraja limekwenda na maji. Landrova ya kupeleka wagonjwa Kisii haiwezi kuvuka mpaka litengenezwe, na hakuna wa kutengeneza wakati mto uko hivi. Nimeketi nikajiambia kwa sauti kwamba wanawake wamezaa tangu kabla ya madaraja. Sauti haikunisadiki.

Bonareri amekuja kupimwa. Ametimiza miezi. Moyo wa mtoto nimeusikia mbali, karibu na ubavu, na chini ya kitovu tumbo lina bonde kama sahani. Nimeandika kwenye kadi yake nikaita anayefuata. Kabla ya kutoka amesema wazi kwamba atazalia hapa, si jikoni kwa mama mkwe. Nikamuuliza Abner anasemaje. Akasema Abner hajasema kitu. Nilijua.

Jumanne, 8 Mei

Bonareri na maumivu ya mgongo. Uchungu bado.

Ijumaa, 11 Mei

Jana sikuandika. Leo nitaandika yote.

Alhamisi saa moja asubuhi Bonareri alifika kwa miguu, matope mpaka magotini, Abner nyuma yake amebeba kikapu. Uchungu kila dakika tano. Nikampima: vidole viwili, mlango mwembamba, chupa ya maji haijapasuka, mapigo ya mtoto mia moja thelathini na sita. Nikafurahi. Nikamlaza chali kitandani kama nilivyofundishwa, shuka safi, kila kitu mahali pake.

Saa tano vidole vitatu. Alilalamika mgongo tu, tumbo hakulitaja kabisa. Chupa ikapasuka yenyewe, maji meupe, safi. Wakati huo wamama kama wanane walishafika na kukaa kwenye varanda yangu, chini ya paa, na Mokeira katikati yao. Habari haikuzuiwa na daraja.

Saa saba vidole vinne. Hapo Bonareri akaanza kusukuma. Hakutaka, mwili wenyewe ulimsukuma, nami nikamkataza, akalia kwamba hawezi kujizuia. Nilipompima tena nikakuta ukingo wa mlango upande wa mbele umevimba, mnene kama mdomo uliong'atwa na nyuki. Shingo ya sweta. Ilikuwa inatokea mbele yangu, kwenye kitanda changu, bila mtu yeyote kumpiga kofi. Mapigo ya mtoto yalishuka wakati wa uchungu, yakarudi polepole. Nilifikiria Kisii. Nilifikiria mto.

Nje wamama walimsikia akilia, wakaanza. Mmoja akaita kutoka varandani amtaje, amtaje mtu wake mtoto atoke. Wengine wakadakia. Bonareri akanishika kola ya gauni akanivuta mpaka uso wangu ukagusana na wake. "Sitataja mtu," alisema. "Hata nikifa, sista. Mwaka huu sitataja mtu."

Nikatoka kwenda kuwafukuza, na sikuhitaji. Abner alikuwa amesimama mbele ya mlango, mvua inamlowesha mgongo, mikono ameshika nguzo huku na huku. Yule niliyemdharau kwenye daftari hili hili. Alikuwa anasema kwa sauti ile ile ya chini anayoongea nayo siku zote kwamba mke wake hajamkosea, kwamba alipaswa kusema hivyo miaka miwili iliyopita, na kwamba atakayelitaja jambo hilo tena aondoke kwenye varanda. Wawili wakaondoka. Waliobaki wakarudi kukaa.

Mokeira akainuka. Abner akamtazama mama yake, akasita, akampisha.

Nilitaka kumsimamisha. Alikwishapita, alikwishanawa mikono kwenye karai langu, na ajabu ni kwamba alinawa mpaka viwikoni kama nilivyofundisha Aprili. Akaweka viganja tumboni kwa Bonareri, akafumba macho, akapapasa huku na kule muda mrefu. Kisha akaniambia mtoto ameangalia juu. Kisogo chake kimekaa kwenye uti wa mgongo wa mama, ndiyo maana mgongo unauma, ndiyo maana anataka kusukuma kabla ya wakati.

Moyo karibu na ubavu. Bonde chini ya kitovu. Nilikuwa nimeyaandika yote kwenye kadi kwa mkono wangu siku kumi zilizopita, na yamo kitabuni, na mimi najua kusoma.

"Mtoe kwenye mgongo," Mokeira akasema. "Apige magoti, aweke mikono chini. Tumbo lining'inie, mtoto apate nafasi ya kugeuka."

Hatukufundishwa hivyo. Tulifundishwa chali, miguu juu, mkunga aone vizuri. Nilimtazama mama huyu ambaye mtoto wa kwanza alifia mikononi mwake, nikamtazama Bonareri, nikaamua. Nikamwambia nitafanya anavyosema kwa sharti moja, kwamba hakuna atakayetamka neno sukuma ndani ya chumba hiki mpaka mimi niseme. Akaitikia kwa kichwa.

Tukatandika mablanketi sakafuni. Bonareri akapiga magoti, mimi nyuma yake nikikandamiza mgongo kwa ngumi, Mokeira mbele yake uso kwa uso. Kila uchungu ulipopanda Mokeira alimshika mashavu akampulizia, pfu pfu pfu, kama mtu anayepoza uji wa mtoto, na Bonareri akapuliza naye. "Usisukume bado," Mokeira alimwambia. Mara ishirini, mara thelathini, sikuhesabu. "Usisukume bado, mwanangu. Bado." Hajawahi kumwita mwanangu mbele yangu.

Mapigo niliyasikiliza kila baada ya uchungu, nimelala sakafuni na pembe yangu chini ya tumbo kama fundi chini ya lori. Mia moja ishirini. Mia moja ishirini na nane. Mia moja arobaini. Saa tisa kasoro tumbo likabadilika umbo mbele ya macho yetu, lile bonde likajaa, na moyo nikaukuta mbele, si ubavuni tena. Mokeira alikuwa ameshaona. Saa tisa na nusu nikapima: uvimbe umenywea, vidole vitano, mlango haupo.

"Sasa," nikasema. Mokeira akanitazama kuhakikisha. "Sasa, mong'ina."

Akamwambia Bonareri. Na Bonareri yule wa kuangalia sakafu akasukuma mpaka dirisha likalia. Kichwa kikaonekana, kikarudi, kikaonekana zaidi. Nikamwambia apulize nyama zitanuke zisichanike, akapuliza. Kisogo kikapita chini ya mfupa, kisha paji, pua, kidevu, uso ukielekea pale unapotakiwa kuelekea. Kitovu shingoni mzunguko mmoja, legelege, nikakivusha kichwani. Mabega yakageuka, moja, la pili, na mtoto wote akanimwagikia mikononi saa kumi na dakika ishirini. Msichana.

Hakulia. Bluu miguuni, mlegevu. Nikampangusa mdomo, nikamsugua mgongo kwa taulo, nikamsugua tena. Halafu akakunja uso kwa hasira kama mtu aliyeamshwa bila heshima, akafungua mdomo, akalia. Varandani vigelegele vikapasuka. Abner nikamsikia akilia waziwazi, kwa sauti kubwa, na sikumcheka.

Mokeira akanyoosha mkono avute kitovu kondo litoke haraka. Nikamshika kifundo cha mkono kwa upole, nikamwambia bado, hapa tena ni bado. Mtoto tukampa ziwa la mama, akanyonya, mji ukakaza wenyewe, na dakika ishirini baadaye kondo likatoka zima. Nikalikunjua kwenye karai Mokeira aone kwamba hakuna kipande kilichobaki. Alilikagua kuliko wakaguzi wa chuo. Nikamchoma Bonareri sindano ya kukaza mji, nikaweka mkono wa Mokeira juu ya tumbo ausikie: wa mviringo, mgumu kama chungwa bichi. Akasema miaka yote hii alikuwa akiomba tu, hakujua pa kushika.

Kilo tatu na gramu mia nne.

Jumamosi, 12 Mei

Sabato. Obadiah amehubiri juu ya sweta lake. Nimelala kutwa.

Jumatatu, 21 Mei

Mto umeshuka. Wanaweka magogo mapya. Kliniki ilikuwa na wamama kumi na tisa na kadi zimeniishia. Nimeandika kwenye kurasa za daftari la joto.

Jumapili, 27 Mei

Leo ilikuwa siku ya kumwona mtoto. Nilienda na Obadiah. Nyumba ya Abner ilijaa mpaka nje, wamama wote wa kigongo, wale wale wa varandani, kila mmoja na unga wa wimbi, na uji ukipita kwenye vibuyu. Bonareri alikaa pembeni na mtoto wake. Walimsalimu vizuri, walimsifu mtoto nywele na vidole. Lakini niliona. Walimsifu mtoto. Yeye macho yao yalimkwepa.

Mama mmoja mnene akasema kwa furaha, bila ubaya, kwamba safari hii Bonareri alipata ujasiri wa kusukuma. Wengine wakacheka. Bonareri akaangalia sakafu.

Mokeira alikuwa anagawa uji. Akaweka kibuyu chini, akasimama katikati ya nyumba, akangoja mpaka wote wamegeuka.

"Alikuwa nao ujasiri tangu mwanzo," alisema. "Yule mvulana hakuuawa na mwanamume wa nje. Mlango ulikuwa umefungwa, na mimi ndiye niliyemwambia asukume. Nilimwambia siku nzima. Ni mimi."

Nilidhani watamzomea, au watasema amezeeka. Sura ya mama yule mnene ilikuwa imebadilika. Akasema polepole kwamba mwaka ule wa nzige, mimba yake ya tatu, alimtaja shemeji yake. Haikuwa kweli. Hakuwa na mtu, alitaka tu waache kumpiga. Shemeji alikufa hawajasalimiana.

Mwingine karibu na dirisha akasema na yeye. Alimtaja mwalimu wa kwaya. Wa tatu akasema alimtaja mtu aliyekwisha kufa, ili asimponze mtu aliye hai, na kwamba hajawahi kumwambia mtu mpaka leo. Mmoja aliye bado msichana akasema alimtaja Josiah dereva, naye pia, na hapo kicheko kikawaponyoka wote kwa pamoja, cha kuchanganyika na machozi, wakimsikitikia maskini Josiah aliyeshtakiwa na nusu ya kigongo. Nilihesabu tisa. Wanawake tisa ndani ya nyumba moja, na kila mmoja alidhani yuko peke yake.

Mimi nimesomea ukunga miaka mitatu na hakuna aliyenifundisha hili. Nililia mbele ya watu na sikujali.

Kicheko kilipotulia Bonareri akainua uso. Hakuangalia sakafu. Aliwaangalia mmoja mmoja, akifuata mstari mpaka akamfikia mama mkwe wake.

"Mimi sikuwa na mtu," alisema.

"Tunajua," Mokeira akajibu.

Na wamama wote, waliosimama na waliokaa, hata wale wa nje waliokuwa wakichungulia mlangoni, wakalirudia baada yake. Tunajua.